Sweta la mama mkwe

Aliyeniambia ukweli ni dereva mmoja wa Mombasa, mtu mzima mwenye mwili wake. Nilikuwa nimelitandaza sweta juu ya boneti ya gari la ofisi ili nilione kwa mara ya kwanza likiwa kamili, mbele na nyuma zimeungwa, mikono imeshonewa, shingo imefungwa. Akashuka kwenye lori, akalizunguka huku anachokonoa meno.

"Ami," akasema, "hili sweta au tanga la jahazi?"

Wenzangu wote pale kivulini wakaangua kicheko. Nami nikacheka, maana ukichekwa na watu kumi ni afadhali uwe wa kumi na moja. Lakini tumbo lilikuwa limeshanikata. Nililiona kabla yake, ila nilikuwa najidanganya kwamba ni boneti ndiyo ndogo.

Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya. Nusu ya kazi yangu ni makaratasi, nusu ya pili ni kusubiri: kusubiri mtandao urudi, kusubiri malipo yaonekane, kusubiri lori lipite kwenye skana, kusubiri mkubwa fulani amalize chai. Wenzangu husubiri kwa ludo. Mimi nafuma. Nilikuwa nimeacha miaka mingi, nikarudia Januari 2022, madereva walipogoma kwa sababu ya ada ya kipimo cha korona na foleni ya malori ikarudi nyuma kilomita kwa kilomita upande wa Kenya. Siku zile hapakuwa na lori la kuvusha wala cha kuandika. Nilienda sokoni nikanunua uzi na sindano, na tangu hapo mfuko wa uzi haukosi chini ya meza yangu.

Swali mnalotaka kuuliza nalijua, nimeshaulizwa mara nyingi: mwanamume anafumaje? Nimekulia kambini Rubongi, Tororo. Baba alikuwa askari. Mama alifuma masweta ya shule ya watoto wa kambi nzima, akilipwa mwisho wa mwezi mshahara ukitoka, na mshahara usipotoka alilipwa salamu. Mikono yangu miwili ndiyo iliyokuwa kigingi chake cha kuzungushia uzi. Darasa la tano, tulipoambiwa na mwalimu wa kazi za mikono tulete sindano, tulileta spoku za baiskeli, tukazinoa ncha kwenye sakafu ya simenti mpaka vidole vikanuka chuma. Wavulana kwa wasichana, wote tulifuma. Aibu ya kufuma nimekuja kufundishwa ukubwani. (Na Kiswahili changu ni hicho hicho cha kambini na mpakani, kwa hiyo wasomaji wa pwani mnivumilie.)

Sasa, mama mkwe.

Mama mkwe anaishi juu ya Budadiri, kule wanakoanzia safari wapanda mlima Elgon, mlima ambao wenyewe wanauita Masaba. Kule asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni. Desemba tulipopeleka watoto, bibi yao alikuwa akikohoa, amejifunga leso mbili mabegani juu ya gomesi, lile gauni refu la kina mama wa Uganda. Njiani kurudi mama watoto akanyamaza mpaka Mbale, kisha akasema: "Wewe si unajua kufuma? Unawafumia madereva kofia. Mama yangu je?"

Hapo sikuwa na jibu isipokuwa uzi.

Tatizo ni kwamba mkwe hapimwi. Kwetu ni hivyo na kwao ni hivyo: mimi na mama mkwe hatupeani mkono, hatukai benchi moja, na nikimwona anakuja njiani natafuta kichaka cha kumpishia. Utampimaje kifua mtu ambaye hata kumkazia macho ni utovu wa adabu? Mama watoto akatafuta njia. Aliporudi kule Januari alitoka na kadigani kuukuu ya mama yake ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, akaniambia nipime hiyo na nisiulize maswali. Nikaitandaza kitandani, nikapima kutoka kwapa hadi kwapa: inchi 20. Yaani kifua inchi 40. Mpaka hapo sikukosea, naomba liandikwe hivyo.

Uzi niliununua Mbale, madonge 11, rangi ya damu ya mzee. Mwenye duka alikuwa na 11 tu za rangi ile na namba moja ya rangi kwenye karatasi, nami najua kwamba donge la namba nyingine, hata likiitwa rangi ile ile, likikauka utaona mstari kwenye kifua cha mtu. Nikabeba yote. Maelezo niliyachukua kwenye kijitabu cha mama, kilichopigwa chapa Uingereza zamani, kisicho na jalada, chenye doa la chai kwenye ukurasa wa kadigani ya kike. Kinasema: sindano namba 8, vitanzi 22 kwa kila inchi 4. Nikapiga hesabu: inchi 20 ni vitanzi 110. Sindano nilikuwa nazo, za alumini, nilizozitoa kwenye lundo la mitumba Tororo. Kichwani zimegongwa namba 8. Nane na nane. Nini tena?

Kijitabu kinasema pia kwamba kabla ya kuanza ufume kwanza kipande kidogo cha majaribio, ukipime. Nilikiruka kama ninavyoruka ile sehemu ya "soma masharti" kwenye simu. Mtoto wa mfumaji afume kitambaa cha majaribio? Nilianzisha vitanzi 110 siku hiyo hiyo.

Mtu ambaye hajawahi kufuma ataniuliza: hukuona kwamba linapanuka? Sikuona, na sababu ipo. Kwenye sindano zilizonyooka, vitanzi 110 vinabanana kama abiria kwenye taksi ya Mbale. Kazi inajikunja, inajikusanya, unaona kitu chembamba kizito mapajani. Urefu nilikuwa naupima kwa utepe kila jioni, kwa kuwa kijitabu kinataja urefu kwa inchi, na urefu ulikuwa sawasawa. Upana sikuupima hata siku moja. Kwenye makwapa kijitabu hakitaji tena inchi, kinasema fuma mistari 56 kisha punguza mabega. Nikafuma 56. Ningekuwa na akili ningeona kwamba mistari 56 yangu imepita inchi 9 wakati ilitakiwa iishie kwenye 7 na nusu. Lakini nilikuwa nahesabu mistari huku nabishana na karani juu ya kontena la vigae.

Mwezi na nusu hivyo. Ndipo boneti, ndipo tanga la jahazi.

Nilipima palepale mbele ya watu: kifua inchi 49. Kwapa moja ingeingia paja. Yule dereva hakuwa na ubaya. Alilivaa, likamkaa. Lilimkaa kabisa! Alikuwa anapeleka mzigo Kigali, akasema baridi ya Kabale anaijua na haina huruma na mtu wa Mombasa. Akanitajia shilingi 80,000 za Uganda, taslimu. Wenzangu wakanikazia macho: chukua pesa, bwana.

Sikuchukua. Uzi ule nisingeupata tena, na juu ya hilo niliona picha kichwani: mama watoto ananiuliza sweta la mama yake liko wapi, nami namjibu liko Kigali, limevaliwa na dereva. Nikamvua. Aliniambia mimi ni mgumu. Ni kweli.

Karani wetu mmoja akaleta ushauri: lichemshe, litasinyaa. Kuna masweta yanayosinyaa, hilo kweli. Sufu ya kondoo ukiitia maji ya moto na kuisugua inashikana na kujikaza mpaka sweta la baba linamtosha mwana. Lakini huu uzi wa madukani kwetu tunauita sufu kwa heshima tu, kondoo hajawahi kuuona. Nilikata kipande cha uzi, nikakiwasha kiberiti. Sufu ya kweli inanuka nywele zilizoungua na kubaki majivu ya kuvunjika vidoleni. Changu kiliyeyuka, kikadondosha tone, tone likaganda kama shanga ngumu nyeusi. Plastiki. Ungechemsha mpaka Krismasi.

Ningekomea hapo ningekuwa mtu mwenye busara. Usiku, watu wamelala, nikafikiria pasi. Nilijiambia nitalowesha kitambaa, nikiweke juu ya ukingo wa mkono, nipige pasi ya moto, labda utajibana kidogo. Mama huuita ukingo ule mbavu, kwa sababu unapanda na kushuka kama mbavu za mbuzi na ukiuvuta unarudi. Niliposhikiza pasi nikasikia kitu kama pumzi. Nilipofunua, mbavu zimelala. Zimetandazika, laini, zinang'aa kidogo, ukivuta zinabaki palepale ulipoziachia. Uzi wa plastiki ukipigwa moto unalegea moja kwa moja, hakuna kuuamsha. Sasa nilikuwa na sweta pana lenye mkono mmoja mfu.

Jumamosi nikalitia mfukoni nikapanda taksi kwenda kwa mama Tororo.

Mama hakucheka. Ningependa angecheka. Aliliweka mapajani, akavaa miwani, akapitisha kiganja ndani ya mkono wa sweta kama daktari anayetafuta uvimbe. Alipofika kwenye mbavu zilizolala akaniangalia juu ya miwani, nikaangalia mlangoni. Kisha akaweka utepe wa inchi 4 kifuani, akahesabu vitanzi kwa ncha ya sindano. Mara ya kwanza, mara ya pili.

"Kumi na nane," akasema. "Lete sindano zako."

Nikampa. Akatoa zake kwenye kopo la siagi ambalo ni kubwa kuliko umri wangu, nazo zimegongwa 8, kijivu, zimepinda kidogo kwa kufuata mikono yake. Akaziweka sambamba kwenye mwanga wa dirisha. Hakutosheka. Akachukua boksi la kiberiti, akamwaga njiti, akatoboa ganda kwa nane yake na kuipitisha mpaka mwisho. Kisha kwenye tundu lile lile akaingiza nane yangu. Ganda likachanika.

"Nane hii na nane hii si ndugu," akasema, akaanza kuokota njiti.

Usiku ule nilisoma kwenye simu mpaka betri ikaisha. Waingereza wa zamani walihesabu sindano kwa namba za waya. Waya huvutwa kupitia tundu, kisha tundu jembamba zaidi, na kila ukivutwa tena namba inapanda na waya unakonda. Kwa hiyo kwao namba ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba. Nane yao ni milimita 4. Kumi na nne yao ni milimita 2, unene wa spoku ya baiskeli ya kawaida, ambayo nayo kwa hesabu ya waya ni namba 14. Kumbe shuleni tulikuwa na sindano za Uingereza bila kujua! Wamarekani wao wanahesabu kinyume: namba ikipanda sindano inanenepa, na nane yao ni milimita 5. Sindano zangu zilivuka bahari ndani ya robota la mitumba, zikakutana na kijitabu cha nchi nyingine kwenye meza ya forodha. Mimi, ambaye mchana kutwa nawaambia watu wasome vizuri namba ya bidhaa kabla hawajajaza fomu.

Milimita 1. Kwa kitanzi kimoja huioni. Vitanzi 18 badala ya 22 kwa inchi 4, ukizidisha kwa kifua kizima, unapata inchi 9 za hewa.

Kulifumua nilianza Jumapili, kwenye kibaraza cha mama. Kiswahili kimeyaweka maneno haya karibu sana, kufuma na kufumua, unaweza kudhani kazi nazo ziko karibu. Kwanza mishono. Ya pembeni nilikuwa nimeishona kwa ustadi wa kujionyesha, nikificha kila fundo, na sasa nilikuwa naitafuta kwa wembe, jasho linanitoka, nikijua nikikosea mshono nitakata mwili wa sweta. Nilikata mwili mara mbili. Kisha unaanza na kilichofumwa mwisho: shingo, halafu mabega, halafu unashuka. Ukijaribu kuanzia chini, uzi unagoma. Unafunguka kutoka ulikofungiwa tu. Ukiupata mwisho wake na kuvuta, unaachia, trrr, trrr, mstari mzima kwa pumzi moja, na nikakiri kwamba ni sauti nzuri. Mwezi na nusu wa kazi ulikwisha kwa alasiri moja na jioni moja.

Binti yangu wa miaka 9 alikaa mbele yangu, mikono ameinyoosha kama nilivyokuwa nikikaa mimi, akidai malipo kila baada ya donge moja. Uzi uliotoka ulikuwa umejikunja kama tambi za pakiti. Ukiufuma hivyo hivyo, vitanzi vinatoka vikubwa na vidogo, sweta zima linakuwa na chunusi. Mama akatuonyesha: zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti uwe kitanzi kikubwa kimoja, ufunge sehemu 4 kwa uzi mweupe bila kukaza, uloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, uusuuze, uuanike kwenye kamba na chini yake uning'inize chupa ya maji nusu. Kesho yake ulikuwa umenyooka, karibu kama wa dukani. Ukingo uliokufa kwa pasi ndio niliukata nikautupa. Mama aliuokota, akasema utafaa kusugulia sufuria.

Safari hii nilifuma kipande cha majaribio. Nilikifuma kwa nane ya mama, nikakipima, nikapata vitanzi 21. Si 22.

"Mkono wako umelegea kama wa baba yako," mama akasema, akanipa namba 9 yake, ambayo kwa hesabu ya Kiingereza ni nyembamba zaidi. Nikafuma kipande kingine. 22. Nikakipima tena nikiwa Malaba, na tena mbele ya karani wa kuchemsha, kwa makusudi.

Upana nikaupima kila jioni. Kila mistari 20 nilihamishia nusu ya vitanzi kwenye uzi wa katani ili kitambaa kilale bapa, nikaweka utepe, nikapumua. Nilihofia ukingo nilioutupa ungeniacha pungufu, ikawa kinyume chake: juu ya makwapa mistari ni ile ile 56, lakini kila kitanzi kidogo, kwa hiyo uzi unaoingia ni mchache. Nilibakiwa na donge moja na ushei, na binti yangu akalipwa kofia. Anaivaa Malaba, juani, saa saba mchana. Siwezi kumwambia kitu.

Yule dereva alipita tena mwezi wa nne akirudi Mombasa, akauliza tanga lake liko wapi. Nikamwonyesha lile jipya, limefika makwapani. Akalishika, akalipima kwa jicho kifuani mwake, akasikitika kwa dhati. Nimemwahidi lake, nikipata uzi. Kwa sindano zile za Kimarekani, kwa vitanzi vile vile 110. Vipimo tayari ninavyo.

Sweta lilipanda Budadiri wiki mbili zilizopita mikononi mwa mama watoto, kwa sababu mimi nisingeweza kumpa mkwe nguo mkono kwa mkono. Nilibaki Malaba nikitazama simu kuliko nilivyotazama malori. Jioni picha ikaingia. Mama mkwe amesimama mlangoni, ukungu nyuma yake kwenye migomba, sweta juu ya gomesi, vifungo vyote vimefungwa, mabega yamekaa mahali pake. Nikaivuta picha ikawa kubwa. Kifua sawa. Kwapa sawa. Nikashuka mikononi: mikono yote miwili imekunjwa mara mbili, mpaka karibu na viwiko.

Nikamwandikia mama watoto: "Mirefu?"

Alikaa dakika nyingi kabla ya kujibu.

"Hapana. Alikuwa anaosha vyombo."